Mkono wa Kulia wa Upepo

Ile kadi mliyonipa siku ya kuagana, yenye picha ya dubu mweupe aliyekaa juu ya kipande cha barafu, nimeiweka juu ya friji. Mume wangu anasema hapo ndipo mahali pake. Ndani yake Espérance aliandika kwamba hamtaki zawadi yoyote kutoka kwangu ila niwaandikie miaka yangu ya kazi, muisome ninyi mnaobaki na wale watakaokuja. Haya, nimekaa. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, kwa sababu zile nzuri mnazijua na zile mbaya zilinipata peke yangu. Nitaeleza jinsi tulivyofanya kazi.

Kuna jambo moja nilikusudia kuliruka pia, kwa ajili ya heshima. Kabla sijaanza kuandika nilipiga simu Upare kuomba ushauri, na jibu nililopewa mtalikuta mwishoni.

Nilifika ofisini, mtaa wa Observatory, mwaka 2015, nikiwa mtu mzima tayari. Nyuma yangu kulikuwa na miaka mingi ya vituo vya hali ya hewa kule kwetu Kenya, nikipima mvua ambayo mara nyingi haikuja. Mume wangu alipata kazi ya benki Johannesburg, tukahama na watoto. Mumo, kifungua mimba wetu, nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, na akigombana na wenzake hugombana kwa Kizulu. Mimi nilitafuta kazi yoyote inayohusu upepo, nikapata ya barafu.

Watu wakiniuliza kwa nini barafu ya Aktiki itabiriwe Johannesburg, mji usio na bahari, sembuse barafu, huwajibu kwamba satelaiti haziulizi anwani. Ukweli ni wa kawaida zaidi. Kampuni ilianza kwa kuhudumia meli zinazoshuka kusini kuelekea Antaktiki, na mwenye kampuni alikuwa na nyumba ya urithi pale kilimani. Baadaye ikapata mkataba wa pwani moja ya kaskazini, na iliupata kwa sababu ya saa. Sisi tukiwa kazini mchana, wao wamelala. Wakiamka, kwetu inagonga saa kumi alasiri, na utabiri wanaukuta mezani pamoja na kahawa.

Siku yangu ya kwanza umeme ulikuwa umekatwa. Mwaka ule umeme ulikuwa wa zamu, na zamu yetu iliangukia asubuhi niliyovaa viatu vipya. Kompyuta zote zilikuwa zimezimika. Karibu na dirisha alikaa mzee mwembamba mwenye sweta ya kijivu, akichonga penseli za rangi kwa kisu. Nilimwamkia shikamoo. Aliacha kuchonga, akaniangalia.

"Marahaba. Mkenya anayejua shikamoo," alisema. "Basi leo barafu itayeyuka bila kutabiriwa."

Huyo ndiye Mzee Idrisa Mshana, Mpare wa Tanzania, mtabiri wetu mkuu. Alikuwa amefanya kazi na barafu ya kusini kwa miaka mingi, na mara kadhaa alikwenda kuonana nayo uso kwa uso, ndani ya meli. Mimi barafu kubwa kuliko zote niliyokuwa nimeiona ni ile mvua ya mawe iliyobonyeza paa la gari letu wiki chache baada ya kuhamia.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa beseni. Mzee alinituma spaza, kiduka cha jirani, nikanunue mfuko wa barafu, akaimwaga kwenye beseni mpaka likajaa, akaliweka juani kwenye kizingiti cha dirisha. Tulikunywa chai ya chupa tukingoja. Barafu ya juu ilipoyeyuka, aliliweka beseni sakafuni, akaniambia nivue viatu nipande kiti.

"Angalia chini. Unaona nini?"

"Maji, Mzee."

"Shuka utie mkono."

Nilitia mkono. Chini ya maji membamba kulikuwa na barafu ngumu, imeshikana na kuta za beseni.

"Satelaiti imepanda kiti kama wewe," alisema, "ila yenyewe haiwezi kushuka ikatia mkono. Wakati wa kiangazi cha kaskazini, vidimbwi vikisimama juu ya barafu, itakuapia kwamba pale ni bahari tupu. Usiiamini mpaka umpate mtu wa kutia mkono."

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, na nililipata bila umeme. Umeme uliporudi nilionyeshwa picha za rada, zile zinazoona kupitia mawingu, na jinsi ya kuigawa bahari mafungu kumi: tukisema saba kwa kumi, maana yake mafungu saba yamefunikwa na barafu na matatu ni maji. Mzee alitaka kila ramani ichapishwe na kupakwa rangi kwa penseli, hata baada ya kompyuta kuweza kupaka zenyewe. Alisema jicho huharakisha, mkono huchelewa, na yeye alitaka tuchelewe. Nilinung'unika mwaka mzima. Sasa nimestaafu na vidole vyangu bado vinatafuta penseli ya zambarau, rangi yetu ya barafu iliyobaki tangu mwaka uliopita.

Mtu wa kutia mkono alikuwa Amos. Sijawahi kumwona. Alikuwa msimamizi wa gati na matangi ya mafuta katika makazi madogo ya pwani ile, mahali pasipo na barabara, ambapo meli moja huja kila mwisho wa kiangazi na mafuta ya kuwapasha watu joto majira yote ya baridi. Kila siku saa kumi zetu alipiga simu, akatuambia anachokiona dirishani.

"Ninyi hasa mko wapi?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Afrika Kusini."

"Mna barafu huko?"

"Ndani ya friji."

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo kila akipiga aliniuliza kwanza hali ya friji yangu. Mwaka 2016 satelaiti ilituonyesha ghuba yake ikiwa wazi mwezi mzima kabla ya wakati. Nilikumbuka beseni, nikamwuliza. Akajibu kwamba ghuba kweli ina maji mengi, na kwamba vijana wanapita juu ya hayo maji kwa miguu. Nikaipaka zambarau.

Mwaka huohuo Espérance alijiunga nasi. Wapya mnamjua kama bosi, kwa hiyo niwaambie alivyoingia: binti wa Lubumbashi mwenye shahada ya hesabu na sauti ya chini, anayemwita kila mwanamume mwenye mvi Papa. Aliketi kati yangu na Mzee, akawa anatutafsiria kompyuta.

Kuyeyuka ni nusu ya kazi yetu. Nusu ya pili ni mwendo, na hapa naomba msome polepole, kwa sababu ndipo habari yangu ilipo. Barafu inayoelea husukumwa na upepo, lakini haiendi moja kwa moja kule upepo unakoelekea. Dunia inazunguka, na kwa ajili hiyo barafu hupinda njia. Kaskazini ya dunia hupinda kuelekea mkono wa kulia wa upepo. Kusini hupinda kuelekea mkono wa kushoto. Kompyuta hujua hili vizuri mbali baharini, ila karibu na pwani, kwenye ghuba nyembamba, hukoroga, na mtu lazima achore mshale mwenyewe.

Mzee alitufundisha kwa kutusimamisha. Unaupa upepo mgongo, unanyoosha mkono, unatazama umeelekea wapi. Nilimwuliza kwetu Kitui, karibu na ikweta, ninyooshe upi.

"Huko upepo hauna ujanja," alisema. "Unasukuma kitu, kinakwenda. Ndiyo maana watu wa kwetu wanashindwa kazi hii."

Ijumaa moja ya mwaka wangu wa kwanza alirudi kutoka kuswali Mayfair akiwa amepitia Fordsburg, ana mfuko wa sambusa na bangili mbili za shaba, pacha. Moja alinipa mimi. "Vaa mkono wa kulia," alisema. "Kaskazini nimekukabidhi wewe." Ya pili aliivaa mwenyewe mkono wa kushoto, kwanza kwa sababu kusini ilikuwa yake, na pili kwa sababu kifundo cha mkono ule kilikuwa kinamuuma na muuzaji alimwapia kwamba shaba ni dawa. Ulikuwa utani. Lakini utani wa ofisini ukikaa sana hugeuka kanuni. Ikawa mtu akisita kuhusu mshale, mwenzake anamwambia, "Fuata bangili." Mimi nilifuata yangu, na kwa miaka miwili haikunipoteza.

Desturi nyingine mnaifanya hata leo: kusomeana. Utabiri hautoki mpaka aliyeuandika awasomee wengine kwa sauti. Wasikilizaji hufumba macho, waione bahari, kisha wanasema neno moja kati ya mawili. "Tuma", au "Simama". Ukiambiwa simama, hubishani, unaanza upya. Mimi niliambiwa simama mara nyingi kuliko nilivyoambiwa heri ya siku ya kuzaliwa. Mzee Mshana hakuna aliyewahi kumwambia.

Sasa mwaka 2017. Mwisho wa kiangazi cha kaskazini, meli ya mafuta ya Amos ilikuwa imefika nje ya ghuba yake na inangoja neno letu. Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Barafu ililala mlangoni mwa ghuba, ikitoka kidogo na kurudi. Matangi ya gati yalikuwa yamebaki na kidogo. Amos alikuwa ametueleza bila kulia wala kupamba kwamba mafuta yasipoingia, zahanati na shule vitakuwa vya kwanza kuzimiwa joto, na kwamba wakongwe wataanza kusafirishwa kwa ndege kupelekwa mbali na watu wao. Meli nayo haikuweza kungoja milele, maana bahari ile huanza kuganda tena mapema. Na ikiingia wakati mbaya, barafu inaifuata nyuma na kuibana dhidi ya ufuo, meli iliyojaa mafuta. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani: iingie, au ingoje?

Wiki hiyohiyo Mzee alikuwa amezama kusini. Meli ya utafiti ilikuwa imekwama kwenye barafu ya Antaktiki, na yeye alishinda nayo mchana kutwa, akila mkate juu ya ramani. Ya kusini ilipoachiwa na barafu, alihamia kiti cha kaskazini bila kupumzika, kwa sababu neno la mwisho kuhusu kuingiza meli lilikuwa lake.

Saa tisa na nusu alasiri alikuwa ameshaandika. Espérance alimkumbusha kwa upole.

"Papa Mshana, bateau ya mafuta iko inangoja. Capitaine atapiga simu sasa hivi."

"Fumbeni macho," alisema Mzee, akasoma. Upepo wa magharibi utaanza kuvuma kesho asubuhi yao, na nguvu yake itaongezeka. Barafu iliyo mlangoni itasogea kaskazini, kuelekea bahari kuu. Njia itakuwa wazi. Nahodha anaweza kuingia ghubani leo na kuanza kushusha mafuta.

Niliiona bahari gizani mwa macho yangu. Pwani ya Amos inatazama kaskazini; nchi iko kusini yake, maji yako kaskazini. Upepo wa magharibi unavuma kuelekea mashariki. Nikaipindisha barafu kama nilivyofundishwa, na haikwenda kaskazini. Nikafumbua macho nikadhani nimekosea mimi. Nikamtazama Espérance. Naye alikuwa amefumbua macho, anaangalia kibodi.

Hakuna aliyesema tuma. Hakuna aliyesema simama.

Nasema wazi kwamba niliogopa, na sikuogopa kwa ajili ya meli peke yake. Niliogopa uso wa yule mzee. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, na hapa neno lilikuwa linaharibika mdomoni mwa mzee mwenyewe, mtu aliyenipandisha kiti siku ya kwanza. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Simu ya nahodha ingelia wakati wowote.

"Mzee," nilisema, "naomba nisimame."

"Simama."

Alidhani nataka kunyoosha miguu. Nilikwenda katikati ya chumba. Dirisha letu kubwa linatazama magharibi, kule mjini, kwenye maghorofa na robot, taa za barabarani. Nililigeuzia mgongo, nikawa upepo wa Amos. Nikanyoosha mkono wa kulia. Ukaelekea upande wa kusini, kwenye meza ya chai, na bangili ikateleza ikagonga kifundo.

"Huku ndiko pwani, Mzee," nilisema.

Mzee Mshana aliutazama mkono wangu. Kisha akashusha macho akatazama wa kwake, wa kushoto, uliokuwa juu ya karatasi na bangili yake ya shaba. Aliutazama muda mrefu. Nilielewa wakati uleule alipoelewa yeye: alikuwa amechoka, amesita, akafuata bangili.

"Futa," alimwambia Espérance. "Futa yote. Nahodha asiingie."

Simu ikalia. Espérance alinyoosha mkono aipokee, Mzee akamzuia, akaipokea mwenyewe. Nahodha hakupenda. Alisema barafu ya mlangoni imempisha, anaona maji mbele yake mpaka gati, na kwamba kesho anaweza asiyaone. Mzee alimjibu kwamba ndivyo hasa, kesho hatayaona, na ndiyo sababu asiwe ndani. Baadaye akapiga Amos. Simu tuliiweka kwa spika.

"Nimesimama hapa gatini," alisema Amos. "Ghuba iko wazi. Watu wameshuka na watoto kuiangalia meli. Mnataka niwaambie nini?"

"Waambie barafu inakuja kwenu," alisema Mzee. "Waondoe mitumbwi ufukweni."

Nyuma yake tulisikia watoto wakiishangilia meli.

"Haya," Amos alisema mwishoni. Siku hiyo hakuuliza habari za friji.

Jioni ile Espérance alinisindikiza mpaka kwenye gari. "Mama Mumo, njo ile nilikuwa nawaza na mimi," alisema. "Lakini Papa ni Papa." Nilimjibu kwamba najua, twende tukalale. Usingizi haukuja upesi.

Upepo wa magharibi ulivuma kama ilivyotabiriwa. Amos alitutumia picha: barafu imeingia ghuba nzima, imepanda juu ya gati, imelaza nguzo ya taa. Pale mahali ambapo meli ingekuwa imetia nanga kulikuwa na kilima cheupe kilichovunjikavunjika. Meneja wetu, Nomvula, mwanamke ambaye hakosi neno, aliitazama ile picha kwenye mkutano wa asubuhi akasema tu, "Eish." Kisha akatupongeza kwa kazi nzuri.

Nilikuwa nimeshapanga moyoni kunyamaza. Mzee akasimama.

"Kazi nzuri ni ya hawa wawili," alisema. "Mimi nilikuwa nimeipeleka barafu kushoto. Ningeingiza ile meli." Akaeleza yote, na bangili akaivua akaiweka juu ya meza ya mkutano. "Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa mkononi. Kuanzia leo hakuna kufuata bangili. Bangili haijui uko wapi. Mtu asimame, na kabla hajanyoosha mkono aseme kwa sauti yuko kaskazini au kusini."

Ndiyo asili ya lile swali mnalouliza kila siku, "Tuko wapi?", ambalo wageni wa ofisi hudhani ni mzaha wetu. Yangu pia niliivua siku hiyo. Ipo kwenye droo ya penseli, kama panya hawajaichukua.

Lakini meli ilikuwa bado nje, na matangi bado yanakauka. Hii sehemu wasimuliaji huwa wanaisahau: tulikuwa tumeikoa meli, na watu wa Amos hatukuwa tumewapa tone. Upepo wa magharibi ulilegea, ukakaa kimya, barafu ikabaki ghubani imekaa kitako. Nahodha alipewa siku ya mwisho na wakubwa wake. Baada ya hapo angegeuza. Tulikuwa tunautafuta upepo wa mashariki kwenye kila ramani kama mtu anayetafuta funguo mfukoni alikokwisha kutafuta. Ulipotokea, ulikuwa dhaifu. Ungetosha kuivuta barafu itoke, au usitoshe. Kompyuta moja ilisema ndiyo, nyingine hapana.

Nilimsogezea Mzee karatasi. Akanirudishia.

"Andika wewe."

"Mzee, neno la mwisho ni lako."

"Nimekuambia kaskazini nimekukabidhi. Ulidhani natania?"

Niliandika. Nilisoma. Tulisimama wote watatu, tukaupa mlango wa mashariki mgongo, mikono mitatu ya kulia ikaelekea kaskazini, kwenye choo. Espérance akasema tuma. Mzee naye akasema tuma.

Ufa wa maji ulifunguka kando ya pwani, mwembamba, wa kupita meli moja. Iliingia. Ilisukuma mafuta mpaka matangi yakajaa, ikatoka huku bahari imeshaanza kufanya utando. Amos alipiga simu saa kumi, akasogeza simu mbali na mdomo. Tulisikia mngurumo.

"Huo ni mtambo wa zahanati," alisema. "Friji yenu haijambo?"

Nililia, na sikuona haya. Espérance alilia kwa Kifaransa.

Mzee Mshana aliaga mwisho wa mwaka ule. Tulimfanyia chakula cha mchana Fordsburg, biriani, na Nomvula akatoa hotuba ndefu. Nilikaa karibu naye nikitafuta la kumwambia, maana tangu siku ile nilijiona kama niliyemvua mtu nguo hadharani. Wengine wakiwa wanagombea firini, ule uji mtamu wa maziwa, nilimwuliza kama anaondoka kwa sababu ya ule mshale.

"Mshale hapana," alisema. "Kila mtu hukosea mshale, ndiyo maana tunasomeana. Nilipomaliza kusoma, nilifumba macho nikangoja. Kimya. Nikajua mmeona kitu na mnanionea haya. Mama Mumo, mkifika mahali pa kunionea haya, mimi si mtabiri tena hapo. Mimi ni picha ya babu ukutani."

"Lakini nilisimama, Mzee."

"Ulisimama. Nakushukuru mpaka kufa. Ila ulikawia, na ulikawia kwa sababu yangu."

Nilimwekea nyama.

Nilikaa kwenye kiti chake miaka iliyofuata mpaka mwaka huu wa 2019. Kesi zilikuwapo, nyingine ngumu kuliko ile. Mlikuja ninyi vijana, na tangu wiki ya kwanza nilimlazimisha kila mmoja wenu aniambie simama angalau mara moja, hata kama sijakosea, ili mdomo uzoee. Mlidhani ni ukorofi wa uzeeni. Yule aliyeniambia simama kumbe nimekosea kweli anajijua, na siku ile nilimnunulia sambusa. Halafu nikaona Espérance yuko tayari, na mimi magoti yangu hayako tayari, nikaleta barua ya kustaafu.

Basi lile jambo nililotaka kuliruka ndilo hilo la mshale wa Mzee. Nilimpigia simu Upare, wiki iliyopita, mchana. Nilimweleza mmeniomba niandike, nikamwuliza kama nisimulie au niache.

"Simulia," alisema.

"Nitasema mzee mmoja tu, bila jina."

"Weka jina. Ukisema mzee mmoja, watadhani ni ngano, na ngano watu husikiliza wakisinzia."

Tukazungumza habari za nyumbani, migomba yake, wajukuu, kifundo cha mkono ambacho shaba haikukiponya. Alisema huko kwao upepo hauna ujanja, unasukuma kitu kinakwenda, na kwamba siku nyingine anauchoka kwa unyofu wake. Nilikuwa naogopa kumwuliza kama anaikosa kazi. Akaniuliza yeye.

"Meli ya Amos imeshafika?"

Espérance, kwa mazoea, alikuwa amenitumia ramani ya siku hiyo kwenye simu. Nilimwambia imefika, iko nje ya ghuba, na barafu iko mlangoni.

"Tuko wapi?" aliuliza, na sauti yake ikabadilika.

"Kaskazini, Mzee."

"Upepo?"

"Wa mashariki. Tangu jana."

Nilisikia kiti kikisogezwa sakafuni. Kisha jogoo wa mtu kwa mbali. Nilijua amesimama katikati ya chumba chake, ameutafuta upande wa mashariki, ameupa mgongo. Mimi nilikuwa jikoni kwangu, nimesimama pia bila kujua nimesimama saa ngapi.

"Kulia," alisema. "Inatoka, Mama Mumo. Inaelekea bahari kuu. Aingie."

Nilifumba macho nikaiona bahari. Niliipindisha barafu taratibu, kama alivyonifundisha, na sikumharakishia jibu kwa kumwonea haya.

"Tuma, Mzee," nilimwambia.